Kodi ya Katanga na Huduma Zinazorudi

Kila jimbo lina hesabu mbili na hazina ya taifa. Ya kwanza ni ya fedha zinazotoka: kodi ya faida, ushuru wa forodha, ada za serikali, mrabaha wa madini. Ya pili ni ya kinachorudi: mishahara ya walimu na wauguzi, barabara, polisi, mahakama, maji, umeme. Hesabu hizo hazilingani karibu popote duniani, wala hazikukusudiwa zilingane, kwa kuwa moja ya kazi za serikali ya taifa ni kuchukua penye kingi na kupeleka penye kichache. Ugomvi huanza pale wanaotoa zaidi wanapoitazama barabara yao wenyewe na kuikuta imejaa mashimo.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ugomvi huo umedumu zaidi na kuumiza wengi zaidi huko Katanga. Malori yaliyobeba shaba na kobalti hutoka Kolwezi na Likasi, yakapita Lubumbashi, yakapanga foleni hadi mpaka wa Kasumbalesa ulio kilomita zipatazo 90 kutoka mjini, kisha yakaingia Zambia na kushika njia ya bandari za Durban na Dar es Salaam. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na karibu zote zilichimbwa katika majimbo mawili tu yaliyozaliwa na Katanga ya zamani, Lualaba na Haut-Katanga. Kwa kobalti nchi haina mshindani. Lakini ndani ya Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba hiyo, familia nyingi huchimba visima vyao wenyewe, na majirani wa mtaa mmoja huchangishana fedha transfoma inapoungua. Mkazi anayelinganisha malori na bomba lake lililokauka haoni haja ya kuelezwa hesabu. Hata hivyo hesabu yenyewe ina mikunjo ambayo malori hayaionyeshi.

Malalamiko ni makongwe kuliko uhuru. Katanga iliingia katika ukoloni kwa mlango wa pembeni: tangu 1900 ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilikiendesha kwa ubia na kampuni binafsi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa kando ya mto Lubumbashi. Ubelgiji ilipotwaa utawala, Katanga iliendelea kuwa na makamu wa gavana mkuu aliyewasiliana moja kwa moja na Brussels. Mageuzi ya 1933 yaliondoa upendeleo huo na kuiweka chini ya Léopoldville, jiji la Kinshasa la leo. Tangu hapo walowezi wa Elisabethville hawakuacha kunung'unika kwamba kodi ya migodi yao inalisha maofisa walio mbali.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 manung'uniko hayo yalikuwa yamepata tarakimu. Ilidaiwa kwamba Katanga hutoa karibu nusu ya mapato ya koloni na kurudishiwa sehemu ndogo mno. Walowezi walilitumia dai hilo kutetea maslahi yao. Chama cha CONAKAT, kilichoongozwa kwanza na Godefroid Munongo kisha na Moïse Tshombe, kikalibeba kama hoja ya wenyeji. Balubakat ya Jason Sendwe, yenye nguvu kaskazini mwa jimbo, ilisimama upande wa pili: kaskazini hakukuwa na migodi mikubwa, na watu wake hawakuona faida ya kufungiwa katika nchi ndogo ambayo fedha zote zingebaki kusini. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kujitenga. Union Minière ikaanza kulipa kodi zake Elisabethville badala ya Léopoldville, na serikali kuu ikapoteza nguzo yake kubwa ya mapato wakati ambapo ndiyo kwanza inajifunza kusimama. Utengano huo uliisha Januari 1963 kwa nguvu za majeshi ya Umoja wa Mataifa. Ulionyesha kwamba anayeishika kodi ya shaba anaweza kulipa jeshi, na watawala wote waliofuata waliukumbuka ukweli huo vizuri kuliko walivyoukumbuka mgawanyo wa haki.

Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 1965, alipunguza idadi ya majimbo, akayaondolea mamlaka ya fedha, na kuitaifisha Union Minière kuanzia Januari 1967. Kampuni mpya, iliyokuja kujulikana kama Gécamines, ikawa ndiyo mfuko wa dola. Kuanzia 1974 hadi 1984 shaba yake iliuzwa na shirika jingine la serikali, SOZACOM, kwa hiyo fedha za kigeni zilipita Kinshasa kabla ya kampuni yenyewe kununua vipuri. Jimbo, lililobatizwa Shaba mwaka 1971, halikuwa na asilimia yake popote.

Ajabu ni kwamba kizazi kilichokulia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka hiyo hakikumbuki unyonge. Kinakumbuka shule nzuri, hospitali zenye dawa, gunia la unga wa mahindi kila mwezi, nyumba zilizopakwa rangi, viwanja vya michezo. Hayo yote yalitoka Gécamines na, kwa wafanyakazi wa reli, katika shirika lao la SNCC. Huduma zilikuwepo, ila hazikutokana na kodi wala hazikumfikia kila mlipa kodi. Alizipata mfanyakazi na jamaa zake kama sehemu ya ujira. Mwuza mboga wa Katuba, mjini Lubumbashi, na mkulima wa Kasenga hawakuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa kuwa kampuni ilifanya kazi ya serikali, serikali haikujifunza kuifanya, na gharama ya uzembe huo haikuonekana mpaka kampuni ilipoanguka. Uzalishaji uliokaribia tani 476,000 za shaba mwaka 1986 ulishuka chini ya tani 40,000 kufikia 1994, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka Septemba 1990 na fedha za matengenezo kuchotwa kwa miaka mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Walioondoka walipoteza mshahara, na pamoja nao daktari, shule ya watoto na unga. Sehemu kubwa ya hisia ya leo kwamba Katanga haipati chochote inatokana na pengo hilo, ingawa lawama huelekezwa kwa kodi.

Anguko hilo lilikuwa na uso mwingine mbaya. Mwaka 1992 na 1993, wakati gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wa asili ya Kasai waliokuwa wamefanya kazi migodini na relini kwa vizazi viwili au vitatu walifukuzwa kwa mamia ya maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na kwingineko. Hoja ya Katanga inayolisha wengine iligeuzwa ikawa hoja dhidi ya jirani wa ukuta mmoja, ambaye naye alikuwa amelipa kodi zilezile na kuchimba shaba ileile.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kuumaliza ugomvi kwa tarakimu. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yatapata 40% ya mapato ya taifa, na kwamba sehemu hiyo itakatwa kwenye chanzo. Kifungu cha 181 kinaunda Mfuko wa Taifa wa Kusawazisha, unaopewa 10% ya mapato ya serikali ili kugharamia miradi katika majimbo yaliyoachwa nyuma. Kisha sheria ya Oktoba 2008 ikaongeza kwamba 40% ya kinachoingia jimboni ishushwe hadi kwenye miji, komini, sekta na sheferi (maeneo ya kichifu), na igawanywe kwa kutazama uwezo wa uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Kwenye karatasi, ni maelewano yenye akili. Katanga inabaki na sehemu nono ya kile inachotoa, na mikoa maskini ina mfuko wake.

Uzito wote umo katika maneno "kukatwa kwenye chanzo". Kodi za taifa hukusanywa na idara tatu: DGI kwa kodi za mapato na kodi ya ongezeko la thamani, DGDA kwa forodha, DGRAD kwa ada za wizara na idara. Zote tatu ni za serikali kuu, na kila faranga zinayokusanya huingia katika akaunti ya Hazina iliyo Benki Kuu. Kukata kwenye chanzo kungemaanisha kwamba fedha ikipokelewa Lubumbashi, benki iweke sehemu ya jimbo pembeni siku hiyohiyo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Hilo halikutendeka. Kilichofuata ni utaratibu ambao maofisa wa majimbo wanauita retrosesio: fedha zote hupanda Kinshasa kwanza, kisha wizara huamua kiasi cha kurudisha na lini. Gavana aliyeahidiwa haki akajikuta mwombaji. Retrosesio imekuwa ikifika kwa kuchelewa, wakati mwingine haifiki miezi kadhaa, na haijakaribia 40%.

Kinshasa ina majibu yake, na si yote ya kupuuzwa. La kwanza ni kwamba elimu ya msingi na sekondari, afya na kilimo ni kazi za majimbo kwa mujibu wa Katiba, lakini mishahara ya walimu na wauguzi bado hulipwa na serikali kuu. Mishahara hiyo ikiingizwa kwenye hesabu, sehemu ya majimbo hupanda. Majimbo hujibu kwamba mshahara unaolipwa na mtu mwingine kwa orodha ya mtu mwingine si fedha ya jimbo, maana gavana hawezi kuuhamisha wala kuuongeza. Jibu la pili ni kwamba serikali kuu ina madeni, jeshi na vita vya mashariki. La tatu husemwa kwa sauti ya chini: gavana wa Katanga mwenye 40% mkononi angekuwa na bajeti ya kugombea urais. Ukifuatilia siasa za Kongo tangu 2007, hilo la tatu ndilo linaloeleza mengi zaidi.

Majimbo hayakukaa mikono mitupu. Katiba inayaachia kodi kadhaa za kwao: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya pango, kodi ya magari. Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, aliimarisha idara ya mapato ya jimbo, DRKAT, na kutoza tozo juu ya madini yasiyosafishwa kwa hoja ya kutengeneza barabara. Baada ya Katanga kugawanywa, DRHKAT ilichukua nafasi hiyo kwa Haut-Katanga. Lakini njia hii ina bei yake. Jimbo lisilopata haki yake kutoka juu huigeukia mifuko iliyo karibu, na mfanyabiashara wa Lubumbashi hujikuta akitembelewa na maofisa wa taifa, wa jimbo, wa jiji na wa komini, kila mmoja na stakabadhi yake. Barabara za Kasumbalesa na Kolwezi zina vituo vya peaje, yaani tozo ya kutumia barabara. Anayelipa hapo amekwisha kulipa kodi ya gari, ushuru wa mafuta na forodha ya gari lenyewe.

Je, Katanga kweli hutoa kuliko inavyopata? Jibu linategemea fedha inaandikwa mahali gani. Ushuru wa forodha unaolipwa Matadi huonekana kuwa mapato ya Kongo Central, ingawa shehena kubwa huishia madukani Kinshasa. Unga wa mahindi unaoingia kutoka Zambia hutozwa Kasumbalesa, lakini mwenye kuubeba ushuru ni mlaji, na walaji wengine wako Kamina au Mwene-Ditu, mbali kando ya reli. Bia ya Simba hutengenezwa Lubumbashi na kiwanda hulipa ushuru wa bidhaa. Mnywaji wa Kalemie ndiye anayeulipa kweli kila anapofungua chupa. Kwa upande mwingine, kampuni kubwa za madini hushughulikiwa na kurugenzi maalumu ya DGI ya makampuni makubwa, na kodi zao huandikwa huko badala ya hesabu ya kurugenzi ya jimbo. Hivyo takwimu za ukusanyaji huongeza chumvi upande mmoja na kupunguza upande mwingine.

Shaba yenyewe inaleta swali gumu zaidi. Bei yake hupangwa katika masoko ya kimataifa, London kwanza, kwa hiyo kampuni haiwezi kumtwisha mnunuzi kodi ya Kongo. Mzigo huangukia faida ya wenye hisa, wengi wao wakiwa Uchina, Uswisi na kwingineko. Mkazi wa komini ya Kampemba hailipi kodi hiyo. Anayesema "sisi watu wa Katanga tunalipa" anamaanisha kwamba mali imechimbwa katika ardhi yake, na hilo ni dai la umiliki, tofauti na dai la mlipa kodi. Katiba, katika kifungu cha 9, inaukabidhi umiliki huo kwa Dola nzima. Lakini kuna mzigo ambao wenyeji wanaubeba peke yao: vumbi la mgodi wa Ruashi uliopakana na nyumba za watu, mito iliyochafuliwa, mashamba yaliyochukuliwa, barabara zinazopasuka chini ya malori. Dai la fidia kwa hasara hiyo lina msingi imara kuliko dai la umiliki, na ni ajabu kwamba wanasiasa hulitaja kwa nadra.

Upande wa huduma pia una vitu visivyo na anwani. Jeshi, balozi na riba ya madeni ni vya nani? Na mradi mmoja mkubwa huvuruga kabisa picha ya jimbo linalonyonywa. Mwaka 1982 ulizinduliwa mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na Matadi, hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Ulijengwa kwa mikopo mikubwa ambayo taifa zima lilikuja kuilipa, na ulilenga kuipa migodi ya Shaba umeme. Vijiji vya Bandundu na Kasai viliona nguzo zikipita juu ya mashamba yao bila taa hata moja kuwaka, kwa sababu umeme wa mkondo mnyoofu wa msongo mkubwa hauchomolewi njiani bila mitambo ya gharama kubwa. Kwa hesabu za fedha, Katanga ilipokea. Wachambuzi wengi wameongeza kwamba mstari huo ulikuwa pia kamba: kusini mwa jimbo kulikuwa na mabwawa yake, na kuiunganisha migodi na Inga kuliiweka swichi mikononi mwa Kinshasa.

Mkataba wa Sicomines unaonyesha jambo hilohilo kwa mwelekeo wa kinyume. Kwa makubaliano ya 2008, yaliyorekebishwa mwaka 2009, kampuni za Kichina zilipewa 68% ya ubia na Gécamines huko Kolwezi, nazo zikaahidi miundombinu ya dola bilioni 3 nchini kote. Madini yatoke Kolwezi, barabara zijengwe Kinshasa, Kivu, Kasai na Katanga. Ubia ulisamehewa kodi hadi mikopo irudishwe. Kwa njia hiyo mgawanyo wa mali kati ya mikoa ulifanyika nje ya bajeti, nje ya 40%, nje ya Mfuko wa Kusawazisha, na mabunge ya majimbo hayakuwa na pa kuuliza. Mwaka 2024 makubaliano hayo yalirekebishwa tena na ahadi ya miundombinu ikapandishwa hadi dola bilioni 7.

Njia pekee ambayo mapato ya madini yamefika chini kwa uhakika wa kuridhisha ni mrabaha. Sheria ya madini ya 2002 iliugawa hivi: 60% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mji au teritori ya mgodi. Utekelezaji ulikwama palepale retrosesio ilipokwama. Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yalibadilisha uwiano kuwa 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta au sheferi iliyo na mgodi, na 10% kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Badiliko kubwa zaidi halikuwa katika asilimia. Kampuni sasa inamlipa kila mpokeaji katika akaunti yake, bila fedha kupanda Kinshasa kwanza. Mrabaha wa shaba ulipandishwa kutoka 2% hadi 3.5%, na kobalti, iliyotangazwa Novemba 2018 kuwa madini ya kimkakati, ikatozwa 10%. Kampuni inayodaiwa mrabaha wa dola milioni moja huipa komini au sheferi dola 150,000 moja kwa moja, fedha ambazo ofisi nyingi za ngazi hiyo hazikuwahi kuziona. Juu ya hapo kampuni hutenga 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na kutia saini nazo hati ya majukumu.

Mfumo huu mpya umezaa kutolingana kwa aina nyingine, safari hii ndani ya Katanga yenyewe. Komini au sheferi yenye mgodi hupata. Iliyo jirani, inayovuta vumbi lilelile, haipati. Eneo la mgodi likikatiza mipaka ya maeneo mawili, machifu na wakuu wa komini huanza kugombania ramani. Ofisi nyingi ndogo zilipokea fedha hizo bila mhasibu, bila mpango, na bila diwani wa kuuliza.

Mgawanyo wa majimbo ulipanua pengo hilo. Mwaka 2015 Katanga ilivunjwa kuwa nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lualaba iliondoka na migodi mikubwa ya Kolwezi na Fungurume. Haut-Katanga ilibaki na Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Sakania na lango la Kasumbalesa. Haut-Lomami, ambayo makao yake makuu ni Kamina, ilibaki na mashamba, maziwa ya Upemba na reli iliyochakaa. Fedha zilizokuwa zikigawanywa, walau kwa nadharia, na bunge moja la Katanga hazina tena njia ya kutoka Kolwezi kwenda Kamina ila kupitia Kinshasa. Waliolalamika kwamba Katanga inaibeba Kongo hawakuwa na haraka ya kupendekeza Lualaba iibebe Haut-Lomami.

Hata ndani ya Haut-Katanga hadithi ni ileile. Jimbo lina teritori sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Mitwaba na Pweto, pamoja na Manono iliyo Tanganyika, zilipachikwa jina la pembetatu ya mauti kutokana na vita vya wanamgambo wa Gédéon Kyungu Mutanga. Barabara huko hupitika kwa shida wakati wa mvua, na mgonjwa mahututi huenda asifike hospitali ya Sendwe mjini Lubumbashi. Mkulima wa Mitwaba akiitazama Lubumbashi huona kile ambacho Lubumbashi huona ikiitazama Kinshasa.

Kenya imelipitia suala hilohilo la mgawanyo kwa njia ya wazi zaidi. Katiba yake ya 2010 inazihakikishia kaunti angalau 15% ya mapato ya taifa, na tume maalumu hupendekeza fomula ya mgao kwa kila kaunti. Mwaka 2020 Seneti iligawanyika kwa wiki nyingi: kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu itiliwe uzito, kaunti kame za kaskazini zilitaka ukubwa wa eneo na umaskini vihesabiwe. Suluhu ilipatikana Septemba kwa kuongeza fungu zima, kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili fomula mpya ianze bila kaunti kupunguziwa. Ni suluhu ya gharama, na Kongo isingeimudu kirahisi. Lakini mjadala wenyewe ulifanyika hadharani, kwa tarakimu zilizochapishwa, jambo ambalo retrosesio haijawahi kuruhusu.

Kongo nayo imepiga hatua mbili kubwa za kusawazisha, zote kutoka juu. Ya kwanza ni elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Septemba 2019. Kabla ya hapo wazazi wa Lubumbashi, kama wa kwingineko, walilipa karo na marupurupu ya walimu, na familia nyingi ziliwabakiza watoto nyumbani mwezi ulipokwisha bila fedha. Serikali kuu ilichukua mzigo huo, na hapo kodi ya shaba ilirudi mtaani kwa sura ya mshahara wa mwalimu, ingawa madarasa yalifurika. Ya pili ni mpango wa maendeleo ya teritori 145, wenye makadirio ya dola bilioni 1.66, unaojenga shule, vituo vya afya na ofisi za utawala vijijini. Teritori zote sita za Haut-Katanga zimo. Mfuko wa Taifa wa Kusawazisha, ambao ndio Katiba iliuchagua kwa kazi hiyo, ulisubiri sheria yake ya utendaji hadi 2016, miaka kumi baada ya Katiba, na mpango wa teritori 145 haukupitishwa humo. Kinshasa imeonyesha kwamba inaweza kupeleka fedha Mitwaba. Imependelea kuzipeleka yenyewe.

Sehemu iliyobaki nyuma zaidi ni usimamizi wa ngazi ya chini, huko 15% ya mrabaha inakoishia. Sheria ya 2008 ilitaka madiwani wa komini wachaguliwe na wananchi, nao wamchague mkuu wa komini, anayeitwa burugumesta. Kwa miaka kumi na mitano uchaguzi huo haukufanyika, na maburugumesta wa Ruashi, Annexe na komini nyingine waliteuliwa kutoka Kinshasa. Desemba 2023 ndipo madiwani walipopigiwa kura, na katika komini za miji mikuu ya majimbo tu, Lubumbashi ikiwemo. Sekta na sheferi, zilizo na sehemu kubwa ya migodi, bado hazijapiga kura hiyo.